Magari ya Ajabu ya Vita na Mifano Yake, Kutoka Asyut Hadi Mogadishu

Yapata miaka 4,000 iliyopita, mafundi wa Misri walimchongea Mesehti, mtawala wa jimbo la Asyut, jeshi dogo la mbao la kuzikwa nalo. Vikosi vilikuwa viwili: askari 40 wa mikuki na wapiga upinde 40 wa Nubia, wote wakiwa katika mwendo, macho mbele. Leo wamo Cairo, katika makumbusho. Jeshi lile lilikusudiwa kumlinda marehemu tu, lakini tayari lilibeba desturi ambayo haijafa hadi leo: kuipunguza nguvu ya vita hadi itoshe mezani, itazamwe, ihesabiwe na imilikiwe. Historia ya magari ya vita yasiyo ya kawaida imefungamana na desturi hiyo. Mengi yalizaliwa yakiwa mifano midogo, na mengine hayakupata kuwa zaidi ya hapo.

Karne ya 15 ilipokuwa ikielekea mwisho, Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, akijinadi kwamba aliweza kutengeneza magari yaliyofunikwa ambayo adui asingeweza kuyapenya. Mchoro wake wa karibu mwaka 1487 unaonyesha gari la mviringo lenye paa la mbao kama gamba la kobe, mizinga imechomoza pande zote, na wanaume wanane ndani wakizungusha gia kwa mikono. Gia zilivyochorwa, magurudumu ya mbele yangekwenda upande mmoja na ya nyuma upande wa pili. Gari halikuundwa. Miaka zaidi ya 400 ilipita ndipo waundaji wa mifano walipoirekebisha kasoro hiyo ili vigari vyao visogee, na mifano iliyotengenezwa kwa michoro yake sasa huonyeshwa Clos Lucé, mjini Amboise, Ufaransa, alikofariki mwaka 1519.

Karne ya 17 mfano ukawa siri ya dola. Kuanzia mwaka 1668, waziri Louvois alimtengenezea Mfalme Louis XIV mifano ya miji yenye ngome, kwa kipimo cha 1:600, ili majenerali wapange mazingiwa bila kutoka Paris. Magari hayakuwamo. Vita vya zama hizo vilikuwa vya kuta, farasi na miguu, na bado hapakuwa na injini ya kubeba chuma.

Injini ilipopatikana, mawazo yalitangulia viwanda. Mwaka 1903 H. G. Wells alichapisha hadithi ya meli za chuma zinazotambaa nchi kavu. Mwaka uliofuata, Benjamin Holt wa California alilijaribu trekta lake la minyororo, ambalo halikuzama kwenye udongo laini. Kuanzia hapo, kilichohitajika ni mtu wa kuunganisha minyororo, deraya na mzinga, na watu hao walijitokeza wakiwa na michoro na mifano mikononi. Mwaka 1911 Gunther Burstyn, ofisa wa jeshi la Austria, alipendekeza gari lake la mzinga, wakubwa wakalikataa. Mwaka 1912 Lancelot de Mole, mhandisi wa Australia, alituma London mchoro wa gari la minyororo, nao ukakataliwa. De Mole hakukata tamaa. Aliunda mfano wa kipimo cha 1:8 na kuupeleka mwenyewe Uingereza wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Mwaka 1919 tume ya kifalme ya tuzo za wavumbuzi ilikiri kwamba wazo lake lilikuwa bora, ila haikuona kwamba waliotengeneza vifaru vya kwanza walilitumia. Akalipwa pauni 987 za gharama zake. Mfano wake umehifadhiwa Canberra, katika makumbusho ya vita ya Australia, na kwa maoni yangu hakuna kipande cha chuma kinachoshtaki urasimu wa kijeshi kwa ufasaha kuliko kile.

Urusi mambo yalikwenda kinyume: huko mfano ulipendwa kupita kiasi. Mapema mwaka 1915 mhandisi Nikolai Lebedenko alikaribishwa kwa Tsar Nicholas II akiwa na kigari cha mbao kilichoendeshwa kwa springi ya gramafoni. Inasimuliwa kwamba mfalme na mhandisi walipiga magoti zulieni wakikitazama kikipanda juu ya vitabu vinene vya sheria. Fedha zikatolewa. Gari halisi likawa na magurudumu mawili ya mbele yenye kipenyo cha mita 9 hivi, na kigurudumu kidogo nyuma. Lilipojaribiwa Agosti 1915 msituni kaskazini mwa Moscow, kigurudumu cha nyuma kilizama kwenye udongo laini na gari halikutoka tena. Lilikaa hapohapo, likapata kutu, likapitiwa na mapinduzi mawili, na mwaka 1923 likakatwa vyuma chakavu. Kosa lilikuwa la zamani na litarudi tena: uzito haupungui kwa uwiano ule ule umbo linavyopungua. Mfano ukiwa robo ya urefu, uzito wake si robo bali sehemu moja kati ya 64. Zulia la mfalme halikuwa na tope.

Waingereza walianza na tope lenyewe. Kamati ya meli za nchi kavu, iliyoundwa Februari 1915 chini ya Winston Churchill, ilitaka gari la kuvuka handaki na seng'enge za Ufaransa. William Tritton na Walter Wilson walitengeneza Little Willie, wakaona haivuki handaki pana, wakabuni umbo la msambamba lenye minyororo inayozunguka mwili mzima. Septemba 1915 wakuu walionyeshwa kwanza umbo la mbao la ukubwa kamili. Januari 1916 gari la chuma likatembea. Tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza. Vingi viliharibika njiani. Hata hivyo, ndani ya miaka miwili kitu kilichoonekana kichekesho kilikuwa silaha ya kawaida, na ajabu yake ikasahaulika.

Afrika Mashariki vita hivyohivyo viliuliza swali tofauti. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, mvua zilimeza barabara. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa, na karakana ya Dar es Salaam ikaitengenezea magurudumu. Silaha ya baharini ikawa ya nchi kavu, ikivutwa porini kwa kamba na mamia ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa. Majina ya waliouvuta hayapo kwenye kibao chochote.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyima Ujerumani vifaru. Jeshi lake likajifunza kwa mifano ya ukubwa kamili: magari madogo ya kawaida yaliyovikwa mbao na turubai. Heinz Guderian alikumbuka baadaye jinsi watoto wa shule walivyotoboa turubai hizo kwa penseli wapate kuchungulia ndani. Dunia ilicheka. Lakini maofisa waliokuwa ndani ya maboksi hayo walikuwa wakijifunza mwendo, mawasiliano na mpangilio, na mwaka 1940 Ufaransa iliona matokeo yake.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyozaa magari ya ajabu kwa wingi kuliko zama zote. Chanzo cha kwanza kilikuwa hofu. New Zealand, ikiogopa Wajapani, ililivika trekta la Caterpillar D8 mabati ya mawimbi na bunduki sita za rashasha. Mpiga bunduki mmoja alilala kwenye godoro juu ya injini. Gari hilo lilipewa jina la waziri wa ujenzi, Bob Semple, ambaye hakulikana. Odessa, mji uliozingirwa mwaka 1941, mafundi waliyavika matrekta chuma cha meli na kuyapeleka usiku kumtishia adui kwa kelele na taa.

Chanzo cha pili kilikuwa msiba uliochunguzwa vizuri. Tarehe 19 Agosti 1942 wanajeshi wa Kanada walishuka Dieppe, Ufaransa, na vifaru vyao vya Churchill vikateleza kwenye kokoto za ufukweni na kukwama mbele ya kuta za zege. Wakanada zaidi ya 900 walipoteza maisha. Mwaka huohuo Divisheni ya 79 ya Uingereza ikakabidhiwa Percy Hobart, jenerali aliyekuwa amestaafishwa kwa lazima na kujikuta koplo usu wa mgambo wa kijiji kabla Winston Churchill hajamrudisha kazini. Hobart alichukua kila kikwazo cha Dieppe na kukitafutia gari lake. Mabomu ya ardhini yalipata Crab, kifaru cha Sherman chenye rola ya minyororo iliyochapa ardhi mbele yake. Zege ilipata AVRE, Churchill yenye mzinga mfupi wa milimita 290. Mchanga laini ulipata bobini kubwa iliyotandika turubai chini ya kifaru chenyewe. Handaki lilipata mzigo wa fito wa kutupwa ndani. Ngome ngumu ilipata Crocodile, iliyotema moto kutoka kwenye tela.

Cha ajabu zaidi kilikuwa kifaru cha kuogelea. Nicholas Straussler, mhandisi mzaliwa wa Hungaria, alikizungushia kifaru ukuta wa turubai uliosimamishwa kwa mirija ya hewa, akakifunga rafadha nyuma. Majaribio ya mwaka 1941 yalifanyika kwenye bwawa tulivu la Hendon, London. Tarehe 6 Juni 1944, katika ufukwe wa Omaha, Ufaransa, kikosi kimoja cha Marekani kiliteremsha vifaru 29 mbali na pwani kwenye bahari iliyochafuka, 27 vilizama. Penye mawimbi madogo vilifika na kufanya kazi. Ilikuwa hadithi ya zulia la Tsar kwa mara ya pili, ila safari hii wazo lilikuwa sahihi na bahari ndiyo iliyokuwa tofauti.

Ujerumani ilizidi kupenda ukubwa. Mei 1943 Hitler alionyeshwa umbo la mbao la Maus, kifaru cha tani 188 ambacho madaraja mengi yasingekibeba. Viwili tu viliundwa, na masalia yao, yaliyounganishwa na Wasovieti kuwa kimoja, yapo Kubinka, Urusi. Wasovieti nao, mwaka 1942, walikifunga kifaru chepesi cha T-60 mabawa na kukirusha kikivutwa na ndege. Kiliruka mara moja tu.

Wakati huohuo mfano mdogo uliandikishwa jeshini. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za kipimo cha 1:72, ili askari wajifunze kumtambua rafiki na adui, na magari ya vita yakafuata kwa vipimo vyake. Amani iliporudi, ujuzi huo uliingia madukani. Airfix ya Uingereza ilikamata kipimo cha 1:76. Kule Shizuoka, Japani, kampuni ya mbao ya Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 na kuunguliwa mwaka 1951, iligeukia plastiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoa kifaru cha Panther chenye mota. Mwili wake ulipimwa ili betri na mota vitoshe ndani; uwiano ukatokea kuwa 1:35. Betri hizo ndizo zilizoamua kipimo kinachotumiwa na dunia nzima mpaka sasa. Biashara hii inapenda walioshindwa: Maus, ambayo haikupigana hata mara moja, imeuzwa kwa maboksi ya makampuni kadhaa. Malori yaliyolisha majeshi hayapati heshima hiyo.

Zama zilizofuata zinatuhusu moja kwa moja. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianza vita vya ukombozi ikitokea Tanzania. Nachingwea na Mgagao zikawa kambi za wapiganaji wa Msumbiji na Zimbabwe. Silaha yao kubwa dhidi ya magari ilikuwa bomu la kutegwa barabarani, la bei ndogo na lenye subira. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, mpaka mzima wa mashariki wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ukawa wazi, na serikali ya walowezi ikajibu kwa magari ya sura ngeni. Pookie, lenye injini ya Volkswagen na matairi mapana ya magari ya mashindano, lilipita juu ya bomu bila kulikandamiza, likilinusa kwa vitambuzi vyake. Magari mengine yalipewa tumbo la umbo la V, ili mlipuko ugawanyike pembeni badala ya kupanda juu. Afrika Kusini ilikomaza wazo hilo katika Casspir, iliyotumika Namibia na, kwa aibu kubwa zaidi, katika vitongoji vya Waafrika wakati wa ubaguzi wa rangi.

Kisha tumbo la V likabadili mikono. Mwaka 2007 Marekani, ikipoteza askari Iraq kwa mabomu ya barabarani, ilianza kununua maelfu ya magari ya mtindo huo. Mwaka huohuo majeshi ya Uganda, kisha Burundi, yaliingia Mogadishu chini ya Umoja wa Afrika, na Casspir zikaonekana zikiwabeba Waafrika kwenye barabara zenye mabomu. Adui yao naye alikuwa na gari lake la kubuni, pikapu ya Toyota yenye bunduki nzito mgongoni, ambayo Chad ilikuwa imeitumia mwaka 1987 kuyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru. Pikapu hiyo nayo sasa inauzwa ndani ya boksi kwa kipimo cha 1:35, pamoja na karatasi ya maelekezo.

Kwa vijana wa kwetu wanaoanza ufundi huu, wawe na plastiki ya dukani au waya na makopo, nina ombi moja. Kabla ya gari, undeni ardhi yake: kokoto za Dieppe, tope la Flers, barabara ya vumbi yenye bomu lililofukiwa. Casspir isiyo na barabara hiyo chini yake ni bodi lenye tumbo la kuchekesha, na mtazamaji hatajua kwa nini lilichongoka.