Dhahabu Iliyopita Mbele ya Rufiji

Wengi wetu, tukitajiwa hazina za baharini na maharamia, fikira hutuelekea kwenye merikebu za Hispania zilizopakia fedha ya Amerika na kukusanyika Havana ili zivuke bahari pamoja kwa kuwahofu wanyang'anyi, na ambazo baadhi yake Mholanzi Piet Hein aliziteka Matanzas mwaka 1628. Ilhali mwenyeji wa Kibiti ashukaye Nyamisati kungojea chombo cha Mafia amesimama ukingoni mwa njia ya hazina iliyoitangulia ile kwa karne kadhaa.

Kwani dhahabu ya Sofala ililetwa Kilwa kwa majahazi, na kutoka hapo, upepo wa kusi ukivuma, ikapandishwa Mombasa na Arabuni, manahodha wakiiacha mkono wa kushoto midomo ya Rufiji, Simba Uranga na Kikunya, yenye mikoko ambayo boriti zake nazo zilisafirishwa Arabuni hata karne ya 20.

Julai 1502 Mreno Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, akamtisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kwa mizinga hata akaridhia kutoa dhahabu kila mwaka. Vitabu huiita kodi. Mimi nauita uharamia, maana kitendo hicho hicho, kingalifanywa na mtu asiye na bendera ya mfalme, malipo yake yangalikuwa kitanzi. Miaka mitatu baadaye, Julai 1505, Mreno mwenziwe Francisco de Almeida aliuingia mji kwa silaha, ukaporwa.

Wala haikuporwa dhahabu tu: jirani zetu wa Mafia hawakusalimika hata nafsi zao. Katika karne ya 19 Wasakalava wa Madagascar walivuka kwa ngalawa wakauhujumu mji wa Kua, katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya delta, wakawachukua wakazi utumwani. Magofu ya misikiti yake yangali yamesimama.

Ama dhahabu hiyo ya Kilwa, Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru ifuliwe chombo cha ibada cha kanisa, kilichokamilika 1506 kwa mkono wa Gil Vicente: kimenakshiwa rangi, mitume 12 wamepiga magoti katikati yake, na maandishi ya kitakoni yanatamka wazi kwamba kimefanywa kwa dhahabu ya Kilwa. Kimo katika jumba la makumbusho mjini Lisbon. Naiomba Serikali yetu ikidai, kwa kuwa ushahidi umeandikwa juu ya chombo chenyewe.