Bwate ya buloni za kambo

Wandugu, wengi wetu tulifundishwa historia ya Lubumbashi kwa tarehe: mji 1910, sesesyo 1960, Gécamines 1967. Mimi nimeanza kuisoma upya ndani ya bwate ya maziwa iliyojaa buloni na ekru, mu parseli yetu ya Kamalondo, si mbali na stade ya Mazembe.

Bwate ni ya kambo. Alikuwa makanisyen maisha yake yote, na motokari yake, Peugeot 404, imesimama chini ya mwembe tangu niko sekondari. Mwaka huu familia ilikaa kikao. Tonton anataka iuzwe kwa watu wa mitrayi, kwa kilo, ili tulipe minerval ya mdogo wangu. Kambo hakubisha. Alisema tu: «Kama inatembea, bei yake haiko ya kilo tena. Munipatie miezi mitatu.» Mimi njo nilipewa kumsaidia, kwa sababu niko na diplome na siko na kazi. (Mucheke, lakini tuko wengi.)

Siku ya kwanza niliharibu. Nilichukua buloni moja nzuri, nikaiingiza ku kichwa ya mota. Ikazunguka mara mbili, mara tatu, kiisha ikagoma. Nikatia nguvu ya kle. Kichwa ya mota ya 404 ni aluminiumu, buloni ni chuma. Munajua nani alishindwa.

Kambo aliitoa, akaipangusa na kidole. «Hii ni ya Waingereza, mwana. Tundu ni ya Wafaransa. Buloni yenye kuwa yake inaingia na vidole. Kama inaomba kle mbele ya wakati, haiko yake.»

Alikuwa na haki. Buloni ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7,94. Kwa macho ni sawa na ya milimita 8. Lakini toka jino moja mpaka lingine, ya inchi ina milimita 1,41 na ya metriki ina 1,25. Mizunguko ya kwanza zinadanganyana, kiisha zinapigana. Tulilazimika kutoboa tundu upya na kutia ndani yake uzi wa chuma. Siku mbili zimepotea.

Sasa swali langu: buloni za Kiingereza zilifanya nini mu mji wa Wabelgiji? Jibu ni reli. Gari-moshi la kwanza lilifika Élisabethville mwaka 1910 kutoka kusini, Rhodesia. Kwa miaka mingi mashine, vyakula na hata wafanyakazi vilipita njia ile. Reli ya Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, ilifika 1928, na ile ya Benguela, ya kwenda Lobito, ilikamilika 1931. Musikilize hata midomo yetu: sisi watu wa Kifaransa tunasemaka «motokari», neno la Kiingereza, na mu ile motokari tunafunga «buloni», neno la Kifaransa. Kwangu, maneno na vyuma vilishuka ku gare moja.

Bwate inaonyesha hivyo. Kuna za Whitworth, Mwingereza aliyeweka kipimo chake 1841, meno yake yamekatwa kwa digri 55. Kuna za Marekani, digri 60. Ya nusu inchi ndiyo inawatenganisha vizuri: Whitworth ina meno 12 kwa inchi, ya Marekani 13. Na kuna za metriki za motokari za Ulaya, sawa hii 404, iliyoanza kutengenezwa 1960 na ikashinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mara 4: 1963, 1966, 1967, 1968. Kambo anasema kisha zairianisasyo ya 1973 hakutupa tena hata ekru moja. Njo pale bwate ilianza kujaa.

Kazi yangu imekuwa kuzisafisha. Usiku zinalala mu siki, asubuhi ninazipiga brosi ya waya. Kiisha tunazivika zinki: siki na chumvi kidogo, waya wa upande wa kutoa ku buloni, wa kujumlisha ku kipande cha zinki, moto wa umeme kidogo sana. Zinki tunaitoa ku mawe ya torshi yaliyokufa, maana ganda lake la ndani ni zinki. Unaona mtu anakwangua jiwe la torshi, na Kipushi, yenye zinki ya dunia, iko kilomita 30 hivi toka hapa! Zinatoka na rangi ya kijivu iliyotulia, si ule mwangaza wa buloni mpya za soko. Za uskani na breki kambo alinikataza. Umeme na asidi vinaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu sana, kikavunjika bila kuonya.

Simba wa mbele, alama ya Peugeot, ametoboka-toboka. Tungempeleka kwenye kromu, lakini kromu ni sumu, haifanyiwi mu parseli. Ila nilijifunza kitu kilichonifurahisha: kromu ya juu ni nyembamba mno, chini yake kuna nikeli, na mara nyingi chini ya nikeli kuna shaba. Shaba yetu, imefichwa ili kitu kingine king'ae.

Jumamosi mtu wa mizani alipita. Tonton alimkaribisha, kambo akamwambia arudi mwezi ujao. Mota iliwaka dakika 4, kiisha maji yakamwagika ku pampu: buloni mbili pale ni za inchi, zilizolazimishwa na mtu zamani, na kambo hasemi ni nani.

Tunatafuta mbili za milimita 8, ndefu milimita 40, ku kichwa kumeandikwa 8.8. Kama kwenu kuna bwate sawa hii, mwangalie ndani mbele ya mtu wa mizani kufika, munipigie. Tumebaki na wiki tano.