Geuza na tafsiri: matumizi katika hati zenye lebo

Vitenzi hivi visichanganywe. Kutafsiri ni kuhamisha maana kutoka lugha moja hadi nyingine. Kugeuza ni kukipa kitu umbo jingine: kivinjari husoma lebo za HTML na kugeuza hati kuwa kiolesura chenye vitufe, visanduku vya kuandikia na orodha za kuchagulia.

Mfano:
Matini chanzi: <button>Send</button>
Sahihi: <button>Tuma</button>
Si sahihi: <kitufe>Tuma</kitufe>

Katika mfano wa mwisho, neno «Tuma» litaonekana kwenye ukurasa, lakini kivinjari hakiitambui lebo hiyo. Hakitaunda kitufe, na mtumiaji atabofya bure. Mfasiri ametafsiri sehemu ambayo kazi yake ni kugeuzwa.

Tanbihi: Si kila kilichomo ndani ya lebo huachwa kama kilivyo. Thamani ya sifa placeholder, yaani maneno yanayoonekana katika kisanduku kitupu, husomwa na mtumiaji. Kwa hiyo hutafsiriwa. Vilevile thamani ya sifa lang hubadilishwa kutoka en kuwa sw, ili programu za kusomea wasioona zitamke matini kwa Kiswahili.

Linganisha: badili, fasiri.