Swali la Mpemba na Kicheko Chetu

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na wadogo zangu mnaosoma sasa,

Nimeombwa niandike juu ya historia ya sayansi. Nimechagua historia ya swali moja lililochekwa.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, hungoja yapoe, ndipo huyaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa finyu, Mpemba akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka bila kuchemsha yalikuwa bado uji. Akamwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akadhihakiwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Kisha Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alitembelea Mkwawa. Mpemba akasimama na swali lile lile. Wenzake wakacheka, Osborne hakucheka. Aliporudi aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education.

Ubishi haukuisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima maji wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walilionyesha jambo hilo kwa chembe ndogo iliyoshikwa kwa leza ndani ya maji. Mwaka 2024, huko Innsbruck, Austria, wanafizikia walitumia ioni 12 za kalsiamu zinazoongozwa kwa leza. Hapo hapakuwa na barafu. Walivuruga ulinganifu wa ioni hizo, mara kidogo, mara sana, wakaona kwamba zilizovurugwa zaidi zilirudia ulinganifu upesi zaidi. Utafiti huo ni wa fani ile ile inayotafuta kompyuta za kwantumu, na jambo lenyewe linaitwa athari ya Mpemba ya kwantumu.

Sasa niseme langu. Tukiwa kidato cha tatu hapa Songea, mwenzetu aliuliza kama mwanga unaweza kusukuma kitu. Darasa zima tulicheka, na mimi nilicheka kwa sauti. Hakuuliza tena mpaka tulipomaliza. Nilipofika Chuo Kikuu nilisoma kwamba mwanga husukuma kweli: msukumo wa leza hupunguza mwendo wa atomu na kuzipoza, na bila hiyo kazi ya Innsbruck isingewezekana. Sijapata kumwambia. Kama anausoma ukurasa huu, namwomba radhi.

Wadogo zangu, kila siku tunaambiwa kuuliza si ujinga. Mpemba alilijua hilo. Tuliohitaji kufundishwa ni sisi tuliokuwa tumekaa tukisikiliza. Mwenzenu akiuliza kesho, na asiyejua jibu aseme hajui, kisha mkapime pamoja.