Fahamu: Kwa nini meli ya abiria hupanda mwamba ambao haupo kwenye ramani

- GPS humwonyesha nahodha alipo, siyo kilichopo chini ya meli yake.
- Meli za watalii zimekwama Canada na Greenland kwenye maji yasiyopimwa vizuri.
- Kwa Ziwa Victoria, kujaza abiria kupita kiasi huongeza hatari hiyohiyo.

Mpwapwa. Wilaya hii ya Dodoma haina bahari wala ziwa kubwa, lakini historia ya ramani za Ziwa Victoria ilipita hapa. Desemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika Mpwapwa ukitokea Bagamoyo, wapagazi wakiwa wamebeba vipande vya boti iliyoitwa Lady Alice. Boti hiyo iliungwa kusini mwa ziwa, na kati ya Machi na Mei 1875 ikalizunguka.

Safari ile iliwapa wachora ramani ufuo wa ziwa. Haikuwapa kina chake. Tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo inayoamua mpaka leo kama meli itafika salama au itapanda mwamba, iwe Ukerewe au kwenye barafu ya kaskazini ya dunia.

Kina cha maji hupimwaje?

Nahodha hutumia chati, yaani ramani ya majini inayoonyesha kina, miamba, mafungu ya mchanga na alama za kuongozea vyombo. Kila namba ya kina iliyopo kwenye chati lazima kuna mtu aliyeipima.

Zamani walitumia bildi, kamba yenye kipande kizito cha risasi mwishoni. Inashushwa mpaka iguse chini, kina kinaandikwa, boti inasogea, inashushwa tena. Shida ni kwamba bildi hupima pale tu ilipoangukia. Mwamba ulio katikati ya vipimo viwili hauonekani kwenye chati, ila majini upo.

Siku hizi boti za upimaji hutumia sona, inayotuma mawimbi ya sauti na kusoma eneo pana la chini kwa mara moja. Kazi hiyo ni ghali na huenda polepole. Ndo maana ni karibu robo tu ya sakafu ya bahari zote duniani ambayo imeshapimwa kwa njia za kisasa.

GPS haiondoi tatizo hili. Inaweza kumwambia nahodha alipo kwa tofauti ya mita chache, lakini kama chati aliyonayo ilichorwa kabla ya setilaiti, kisiwa au mwamba unaweza kuwa umewekwa mbali na pale ulipo kweli. Kioo kinaonyesha njia ni nyeupe, kumbe mbele kuna jiwe.

Yaliyotokea kwenye maji ya barafu

Utalii wa meli kwenye ncha za dunia umekua, na meli hizo huenda makusudi sehemu ambazo meli za mizigo hazipiti. Sehemu hizo ndizo zilizopimwa kidogo zaidi.

Agosti 27, 2010, meli ya Clipper Adventurer ilipanda mwamba kaskazini mwa Canada ikiwa na abiria 128. Mwamba huo ulikuwa umegunduliwa tangu 2007 na tangazo kwa mabaharia lilikuwa limetolewa, lakini waliokuwa wakiiongoza meli hawakuwa nalo. Sona yake ya kuangalia mbele ilikuwa mbovu, na meli ilikuwa kwenye mwendo wake wa kawaida wa safari.

Agosti 2018 ikawa zamu ya Akademik Ioffe, iliyokwama Canada hukohuko ikiwa na abiria 102. Septemba 11, 2023, Ocean Explorer ilikwama Greenland ikiwa na watu 206, ikanasuliwa siku tatu baadaye na meli ya utafiti wa uvuvi.

Hakuna aliyekufa katika ajali hizo tatu. Bahari ilikuwa imetulia vya kutosha, na meli hazikuzama. Lakini Novemba 23, 2007, meli ya Explorer ilitobolewa na barafu karibu na Antaktika na ikazama. Watu wote 154 walikaa kwenye mashua za kuokolea kwa saa kadhaa kabla ya meli ya Nordnorge kuwachukua. Wangepata dhoruba siku hiyo, habari ingekuwa nyingine.

Tangu Januari 1, 2017, meli za maji ya barafu zinabanwa na kanuni maalumu za Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), zinazogusa muundo wa meli, vifaa vya kujiokolea na mafunzo ya mabaharia. Kanuni hizo haziwezi kupima kina kwa niaba ya chati.

Ziwa Victoria je?

Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini sehemu yake yenye kina kirefu zaidi ni kama mita 80 tu. Jiwe la Bismarck pale Mwanza hupigwa picha kila siku kwa sababu limetokeza. Yapo mengine ambayo hayakutokeza.

Upimaji mkubwa wa kina chake ulifanywa na afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Whitehouse, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za bildi. Kazi yake iliendelea kuwa msingi wa chati za ziwa kwa miongo mingi.

Halafu maji yenyewe hayatulii. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, na Mei 2020 likapanda mpaka likafikia kiwango cha rekodi ya 1964. Tofauti ya vipindi hivyo viwili ni karibu mita tatu. Mwamba uliokuwa salama kupita juu yake mwaka mmoja unaweza kugusa meli mwaka mwingine.

Ni kweli kwamba ajali kubwa za Tanzania hazikusababishwa na miamba. MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, na kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 220, zilibeba kupita uwezo. MV Nyerere iliruhusiwa abiria 101 tu.

Ila mambo haya mawili yanakutana. Chombo kilichojazwa hukaa chini zaidi majini. Nafasi kati ya tumbo la meli na mwamba inapungua, na kikigonga, hakina akiba ya kuelea.

Nani atafika kwanza?

Abiria wa Clipper Adventurer walisubiri meli ya walinzi wa pwani ya Canada kwa karibu siku mbili. Kwa Ziwa Victoria, jibu mara nyingi ni wavuvi. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Watu 24 walinusurika.

Uokoaji bila vifaa una mipaka yake. Mwaka 1996 MV Bukoba ilipopinduka, ilitobolewa ili kuwafikia waliokuwa hai ndani. Hewa iliyokuwa inaifanya ielee ikatoka, meli ikazama.

Unaposafiri kwa meli au kivuko

Watu wengi wa Mpwapwa hukutana na meli mara chache, wakienda Zanzibar au visiwa vya Ziwa Victoria. Mambo ya kuangalia ni haya:

- Hakikisha jina lako limeandikwa kwenye orodha ya abiria. Bila jina, hakuna atakayejua kuwa umepotea.
- Soma idadi ya abiria inayoruhusiwa, kisha angalia watu waliopo. Chombo kikijaa, subiri kingine.
- Ulizia jaketi okozi lilipo na lijaribu kabla ya kuondoka, hasa la mtoto.
- Usikimbilie upande mmoja chombo kinapofika gatini. Abiria wakielemea upande mmoja, chombo hulala.
- Ukiona hitilafu, toa taarifa kwa TASAC, au kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA) ukiwa Zanzibar.

Kupima upya kina cha ziwa na kuweka alama kwenye miamba ni kazi ya Serikali. Abiria hawezi kuifanya, ila anaweza kukataa kupanda chombo kilichojaa.