Bomu Kuukuu, Usukani Mpya

Bomu la kawaida la ndege, yaani lile ambalo likishaachiliwa halina chombo chochote cha kuliongoza, hufuata njia inayoamuliwa na kimo na mwendo wa ndege, upepo na mvuto wa dunia, na kosa dogo la mlengaji huzidi kukua kadiri bomu linavyoshuka. Majeshi ya Vita Kuu ya Pili yalilazimika kwa sababu hiyo kuangusha mamia ya mabomu ili machache yapate daraja au kiwanda kimoja. Wazo la kulifunga bomu hilo mkia wenye usukani, na baadaye mabawa, lilitokana na hamu ya kulenga vizuri, lakini lililolifanya lidumu ni hesabu ya fedha: ganda la chuma na kilipuzi chake vilikwisha kulipiwa na kujaa maghalani, ikabaki kugharimia kifaa cha kuliongoza peke yake.

Wajerumani walitangulia. Mhandisi Max Kramer alichukua bomu la kutoboa deraya lenye uzito wa kilo 1,400 hivi, akaliongezea mabawa manne mafupi na mkia uliopokea amri kwa redio, likajulikana kwa jina la Fritz X. Mlengaji aliyekuwa ndani ya ndege alifuata kwa macho mwanga wa fataki iliyowaka mkiani mwa bomu na kulielekeza kwa kijiti cha mkononi. Tarehe 9 Septemba 1943, siku moja baada ya kutangazwa kwamba Italia imesitisha vita dhidi ya Marekani na Uingereza, mabomu mawili ya aina hiyo yaliipata manowari ya Kiitalia Roma karibu na kisiwa cha Sardinia, nayo ikazama pamoja na Admirali Carlo Bergamini na mabaharia zaidi ya 1,200. Hata hivyo ushindi huo haukudumu, kwa kuwa ndege iliyoachia bomu ilibidi ipunguze mwendo na kunyoosha njia mpaka bomu lifike, ikawa windo rahisi, na si muda mrefu Waingereza na Wamarekani wakatengeneza mitambo ya kuvuruga mawimbi ya redio yaliyobeba amri.

Wamarekani nao walijaribu njia mbili, na tofauti ya matokeo yake inafundisha jambo. Njia ya kwanza, GB-1, ilikuwa bomu la pauni 2,000 lililofungwa mabawa ili liteleze angani kutoka mbali, likishika uelekeo uliopangwa kabla ya kuachiliwa bila mtu kulirekebisha. Mabomu hayo yaliporushwa dhidi ya kituo cha reli cha Köln tarehe 28 Mei 1944, yalitawanyika ovyo mjini. Njia ya pili, Azon, ilikuwa mkia wa redio uliofungwa kwenye bomu la kawaida la pauni 1,000, na uliweza kuligeuza kushoto na kulia tu. Upungufu huo haukuwa na madhara makubwa kwa shabaha ndefu na nyembamba, na ndiyo maana madaraja ya reli ya Burma, ambayo yalikuwa yamestahimili mashambulio mengi, yalianza kuanguka mwishoni mwa mwaka 1944. Mabawa bila macho hayakufaa kitu. Macho bila mabawa yalitosha.

Somo hilo lilisahauliwa upesi, kwani bomu la nyuklia lilionekana kuondoa haja ya kulenga kwa makini, na ilichukua daraja jingine kulirudisha. Daraja la Hàm Rồng, lililokuwa karibu na mji wa Thanh Hóa kaskazini mwa Vietnam, lilishambuliwa kwa nguvu kuanzia tarehe 3 Aprili 1965, na kwa miaka mitatu iliyofuata mamia ya safari za ndege hayakuleta zaidi ya makovu yaliyozibwa na mafundi baada ya muda mfupi, huku Wamarekani wakipoteza ndege na marubani. Ni katika kipindi hicho ambapo kampuni ya Texas Instruments, kupitia kundi la mhandisi Weldon Word, ilibuni seti iliyopewa jina la Paveway: kichwa chenye kipokezi na mapezi ya usukani, kilichofungwa mbele ya bomu la kawaida. Kipokezi kilitafuta doa la mwanga wa leza, yaani mwale mwembamba usiotawanyika sana, ambao ndege iliumulika juu ya shabaha, na mapezi yakaligeuza bomu kuelekea doa hilo. Tarehe 13 Mei 1972 mabomu ya pauni 2,000 na 3,000 yenye vichwa hivyo yaliing'oa sehemu ya magharibi ya daraja kutoka kwenye nguzo yake. Kilichobadilika ni kipokezi kilichofungwa kichwani. Kilipuzi kilikuwa kile kile.

Leza nayo ilikuwa na adui zake, yaani mawingu, vumbi na moshi, na vita vya Ghuba vya mwaka 1991 viliwakumbusha Wamarekani jambo hilo mara nyingi, katika vita ambavyo mabomu yaliyoongozwa yalikuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya yote yaliyoangushwa, ingawa televisheni zilionyesha karibu hayo tu. Jibu lilikuwa JDAM, mkia unaosoma mahali ulipo kutokana na ishara za setilaiti, ukisaidiwa na jairoskopu, kifaa kinachohisi kila mgeuko wa bomu hata ishara zikikatika. Mkia huo hauhitaji kuona chochote, kwa kuwa hupewa latitudo na longitudo ya shabaha na kwenda huko usiku au mchana. Hapo ndipo kosa lilipohama kutoka kwenye bomu na kuingia mezani kwa wapangaji. Tarehe 7 Mei 1999, katika vita vya kwanza vilivyotumia mkia huo, mabomu matano ya aina hiyo yalipiga kwa usahihi kamili mahali palipoandikwa kwenye orodha ya shabaha, napo palikuwa ubalozi wa China mjini Belgrade. Waandishi wa habari watatu wakafa. Nchini Afghanistan, tarehe 5 Desemba 2001, askari aliyebadilisha betri ya kifaa chake cha kupimia mahali kwa setilaiti hakutambua kwamba kikiwaka upya kilionyesha mahali alipo yeye mwenyewe badala ya mahali pa shabaha, na bomu lililoombwa likaangukia kikosi chake, likaua Wamarekani watatu pamoja na Waafghani waliokuwa nao, na kumjeruhi kidogo Hamid Karzai, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa ameteuliwa kuongoza serikali ya mpito. Katika visa vyote viwili chombo kilifanya kazi yake barabara.

Baada ya macho kupatikana, mabawa yalirudi, sasa kwa lengo la kuiweka ndege mbali na mizinga ya adui. Afrika ilikwisha kuonja silaha za namna hiyo tarehe 3 Januari 1988, ndege ya Afrika Kusini ilipoachia bomu la H-2, lenye mabawa na kamera puani, likaharibu daraja la mto Cuito nchini Angola. Wanasayansi wa serikali ya Australia walibuni mabawa yanayokunjuka ambayo, yakifungwa kwenye JDAM, huongeza umbali wake kutoka kilomita 25 hivi hadi zaidi ya 70. Ukraine, katika vita vyake dhidi ya Urusi, ilianza kupewa silaha hiyo mwaka 2023.

Mwaka huo huo Urusi ilifuata njia yake, kwa namna ambayo kwa mwonekano haikuvutia hata kidogo. Mabomu ya FAB, ambayo mengi yake yalichorwa katika miaka ya 1950 na 1960, yalifungwa seti iitwayo UMPK: mabawa ya bati yanayokunjuka, mkia na kipokezi cha setilaiti. Wachunguzi wa Magharibi waliocheka ukali wa kingo na ubovu wa maungio yake walilazimika kubadili kauli, kwani bomu la kilo 500 au 1,500 likikosa kwa mita chache bado hubomoa jengo zima, na mji wa Avdiivka nchini Ukraine, uliotekwa na Warusi Februari 2024, ulikandamizwa kwa wingi wa mabomu hayo. Ukraine ilijibu kwa kuvuruga ishara za setilaiti, na Warusi nao wakaongeza idadi ya antena katika vipokezi vyao. Kulidungua bomu lenyewe ni shida nyingine, kwa kuwa halina injini itoayo joto, ni dogo mbele ya rada, na kombora la kulizuia hugharimu kupita lenyewe. Kwa hiyo Ukraine imeelekeza nguvu zake nyuma zaidi, mahali mabomu yanapofungwa kwenye ndege: mapema Agosti 2024 droni zake zilishambulia uwanja wa ndege wa Morozovsk, kituo cha ndege za Su-34 zinazoyabeba, zikilenga ghala lake la silaha.