Mfalme na Wanafunzi Wake: Ethiopia hadi 1974

Ili kuelewa kwa nini ufalme wa Ethiopia ulianguka mwaka 1974, inafaa kujua kwanza ulisimama juu ya nini. Wafalme wake walijihesabu kuwa uzao wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba, na Kanisa la Orthodoksi liliwafundisha waumini kwamba mfalme ni mpakwa mafuta wa Mungu. Haile Selassie, aliyetawazwa tarehe 2 Novemba 1930, alitoa katiba mwaka 1931 na nyingine mwaka 1955. Hiyo ya pili iliruhusu wananchi kuchagua wabunge, lakini ilitamka pia kwamba nafsi ya mfalme ni takatifu. Vyama vya siasa havikuwapo, na mawaziri waliwajibika kwake.

Hata hivyo, mfalme huyohuyo alitaka dola ya kisasa, na dola ya kisasa haiendeshwi bila wasomi. Mwaka 1950 alifungua chuo Addis Ababa, na vijana wengine akawapeleka kusoma ng'ambo. Kuanzia 1958 alitoa pia nafasi za masomo kwa vijana wa nchi nyingine za Afrika, Kenya ikiwemo. Wageni hao walitoka katika nchi zilizokuwa zikipigania uhuru, ambako habari za vyama na uchaguzi zilikuwa mazungumzo ya kila siku. Wenyeji wao, waliojivunia taifa lililoishinda Italia huko Adwa, walianza kujiuliza kwa nini wao hawana sauti katika serikali yao wenyewe.

Miongoni mwa wa kwanza kuyajaribu mawazo hayo kwa vitendo alikuwa Germame Neway, aliyesoma Marekani. Alipopewa kuongoza eneo la Wolayta, kusini, alikuta wakulima wengi wakilima ardhi ya mabwana na kuwatolea nusu ya mavuno au zaidi. Akaanza kuwagawia ardhi wasio nayo. Mabwana wakalalamika, naye akahamishiwa Jijiga, mashariki ya mbali. Desemba 1960, mfalme akiwa ziarani Brazil, Germame na kaka yake, Jenerali Mengistu Neway, mkuu wa kikosi cha walinzi wa mfalme, walijaribu kuipindua serikali. Tangazo lao, lililosomwa redioni na mrithi wa kiti mwenyewe, liliwaambia wananchi kwamba mataifa mapya ya Afrika yalikuwa yakiipita Ethiopia. Wanafunzi waliandamana kuwaunga mkono, lakini jeshi na Kanisa walisimama na mfalme, na jaribio likazimwa baada ya siku chache.

Mwaka uliofuata mfalme alitoa jumba lake la Genete Leul, ambamo waasi walikuwa wamewaua mateka wao, liwe makao ya chuo kikuu kilichopewa jina lake. Kutoka hapo, Februari 1965, wanafunzi waliandamana hadi bungeni wakidai ardhi iwe ya anayeilima. Wakati huo chuo kilikuwa kimeanza kuwapeleka wanafunzi mikoani kwa mwaka mmoja wa utumishi, wengi wao wakiwa walimu, na kwa njia hiyo madai yao yalifika katika shule za sekondari mbali na mji mkuu. Desemba 1969 kiongozi wao, Tilahun Gizaw, aliuawa kwa risasi. Wenzake walipokusanyika chuoni kumwombolezea, askari waliingia na kuua wengine. Tangu hapo wengi waliacha kudai marekebisho, wakaanza kudai mapinduzi.

Mwaka 1973 njaa iliua makumi ya maelfu ya watu, hasa mkoani Wollo, na serikali ikajaribu kuificha. Januari 1974 askari wa Negele, kusini, waliasi kwa sababu pampu yao ya maji iliharibika na maofisa wakawakatalia kutumia kisima cha maofisa. Jenerali aliyetumwa kuwasikiliza walimzuia, wakamlazimisha kula na kunywa kama wao. Februari bei ya petroli ilipanda, walimu na madereva wa teksi wakagoma, na baraza la mawaziri likajiuzulu.

Wapo wanaosema njaa ndiyo iliyomwangusha mfalme, na wapo wanaosema ni askari. Hoja zote mbili zina uzito, lakini hazitoshi. Njaa kali iliipiga Tigray mwaka 1958, na kiti hakikutikisika. Nao askari wa Negele walidai maji na chakula, hawakudai jamhuri. Tofauti ya 1974 ni kwamba kila lalamiko lilikuta maelezo yamekwisha kuandaliwa na wanafunzi: kosa si la waziri huyu au ofisa yule, bali la mfumo mzima.

Juni wanajeshi wa vyeo vya kati na vya chini waliunda kamati iliyojulikana kama Derg. Hawakuwa na mpango wao kamili wa kutawala, kwa hiyo mengi waliyaazima kwa wanafunzi. Rasimu ya katiba ya kumbakiza mfalme bila madaraka ilikuwa tayari Agosti, lakini ilikuwa imechelewa. Usiku wa tarehe 11 Septemba televisheni ilionyesha filamu ya njaa ya Wollo ikichanganywa na picha za karamu za ikulu. Kesho yake mfalme akaondolewa ikulu kwa gari dogo la Volkswagen. Machi 1975 ardhi ya vijijini ilitaifishwa na ufalme ukafutwa rasmi.

Wanafunzi walikuwa wamedai mambo mawili, ardhi kwa mkulima na serikali ya wananchi. Derg ilitekeleza la kwanza na kulikataa la pili, na wengi wa vijana hao waliuawa katika msako wake wa 1977 na 1978. Mawazo mapya yalitosha kuwashawishi watu kwamba ufalme uondoke, lakini kuamua nani atawale baada yake kulihitaji watu waliokwisha kujipanga. Katika nchi ambayo mfalme hakuruhusu chama hata kimoja, waliojipanga walikuwa wanajeshi.